Pointi au Elektroniki kwa Pijo ya Noonkopir

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia usinicheke, ingawa najua utanicheka tu, maana nakusikiliza redioni kila jioni na sijawahi kusikia mtu akikuandikia akaachwa bila kuchambuliwa kama karanga. Najua kipindi chako ni cha ndoa na malezi na wakwe wakorofi, na shida yangu mimi ni gari, lakini nimeuliza kila mtu hapa Kitengela na nimepata majibu ya wajinga watupu, kwa hiyo nimebaki na wewe.

Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja Athi River, naishi hapa Kitengela mtaa wa Noonkopir, nina mke anayeitwa Nthenya na msichana wetu mmoja, Mwende. Niko na Pijo 504 niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu, na nakuambia hilo ni gari, si hizi Toyota za kutoka Dubai ambazo watu wanajivunia na kumbe ni bati limepakwa rangi. Mwili haujaoza popote, viti vya mbele vinakushika mgongo vizuri hata ukikaa jioni nzima, na redio yake ni safi kuliko ile ya nyumbani, tatizo lake dogo tu ni kwamba fundi aliyeifunga aliunganisha waya wake na ule wa koili, ile inayozipa plagi umeme, kwa hiyo hailii mpaka ufungue swichi ya ufunguo kabisa, zile taa mbili nyekundu za dashibodi ziwake, na mimi nimezizoea hata nazipenda, zinanipa raha.

Sasa sikiliza. Hili gari lilikuja na pointi, yaani vile vidole viwili vya chuma vilivyo ndani ya distributa, vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Fundi wangu wa pointi anaitwa Gakuru, ana banda karibu na soko la mbuzi, na sijui nani alimwambia yeye ni fundi, kwa sababu nafasi ya pointi anaipima kwa kipande cha paketi ya sigara, mtu mzima, anapima injini iliyoundwa na Wafaransa kwa karatasi aliyookota chini, halafu anasimama kando anapangusa mikono kama daktari aliyetoka kupasua mtu. Akimaliza gari linawaka, siku chache linaenda, halafu linaanza kukohoa, asubuhi betri imelala, na majirani wa plot nzima wanatoka kunisukuma, wengine na mswaki mdomoni, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu Pijo. Nikirudi kwa Gakuru anafungua distributa, anakuta pointi zimeungua hadi zimekuwa za buluu, anaweka zingine. Nimebadilisha pointi mpaka nimechoka, nimebadilisha kondensa, nimebadilisha koili ambayo ilikuwa imevimba na kutoa lami, nimebadilisha betri pia, na neno lake ni lile lile tu.

"Hii pointi imeungua, mzee. Wacha niweke ingine."

Huyo ndiye fundi wenu wa Kitengela. Nikamwacha na paketi zake za sigara, nikaenda kwa Opiyo, ambaye yeye ana duka la vioo, ana kalenda za kampuni ukutani, na anakuongelesha Kizungu hata kama umemsalimu kwa Kiswahili. Opiyo akacheka pointi. Akasema ulimwengu mzima umehamia elektroniki, kijisanduku cheusi kinachokaa ndani ya distributa na hakina kitu cha kugusana, kwa hiyo hakichakai, hakisuguliwi na msasa, ukifunga unasahau. Nikafunga. Na mshauri, lazima niseme ukweli, gari liliwaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Nilienda nalo hadi Kajiado mjini na kurudi, vilima vyote vya Isinya likipanda bila kulalamika, nikajiona mjanja, nikapita mbele ya banda la Gakuru polepole makusudi ili anione.

Hapo ndipo inaingia habari ya mama mkwe wangu, na naieleza kwa sababu inahusu gari.

Mama ya Nthenya ni mkulima wa nyanya na vitunguu kule Illasit, ana ugonjwa wa sukari, na mguuni ana kidonda kilichokataa kupona. Daktari wa Nairobi alisema lazima kioshwe na kuangaliwa kliniki kila Jumanne, na kikiachwa, mguu utakatwa. Kwa hiyo akaletwa kwetu, bado nikiwa mteja wa Gakuru, ili nimpeleke kwa gari. Nyumba yetu ni vyumba viwili vya kukodi. Wewe ni mtu wetu, jina lako linakusema, huna haja ya kuelezwa nthoni ni nini, lakini kwa wasikilizaji wa makabila mengine naeleza kwamba kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, mwanamume hamtaji jina, wakikutana njiani mmoja anapisha, na neno la huyu kwenda kwa yule linapitia kwa mtu wa tatu. Siku hizi vijana wameyatupa hayo, wanakaa na mama mkwe kwa kochi moja wanaangalia televisheni na wamenyoosha miguu. Mimi si wa namna hiyo. Tangu mama afike, nikitoka kazini namsalimia kutoka nje ya mlango kupitia kwa Nthenya, kisha nakaa ndani ya Pijo, Nthenya ananiletea sahani huko, nasikiliza kipindi chako mpaka kiishe na taarifa ya habari juu, na naingia nyumbani mama akiwa ameshaenda kupumzika chumba cha ndani na Mwende. Hata tukienda kliniki nageuza kioo cha ndani kiangalie dari ili nisimuone aliyekaa nyuma. Sijui kama kuna mkwe mwingine Noonkopir nzima anayemheshimu mama mkwe wake hivyo, na kusema kweli sijapata shukrani ya mtu.

Sasa juzi Jumanne tunaenda kliniki, tunafika njia panda ya Athi River, elektroniki ya Opiyo ikafa. Haikukohoa, haikuonya, ilikufa kama mtu amezima taa. Ilikuwa hata haijamaliza majuma mawili. Nikashuka, Nthenya akashuka, tukaanza kusukuma, na mchungaji mmoja aliyekuwa anavusha ng'ombe akatusalimia, "Sopa," akawaacha ng'ombe wake akaja kusaidia, na gari bado likawa zito. Halafu likawa jepesi ghafla. Nikaangalia nyuma nijue ni nani ameongezeka, na mshauri, alikuwa ni mama mkwe wangu, na bandeji yake mguuni, mikono yote miwili kwa buti ya gari, anasukuma. Nilitamani lami ipasuke inimeze. Gari halikuwaka. Wao walitafuta usafiri mwingine, wakafika kliniki imefungwa, wakaambiwa warudi Jumanne ijayo, na mimi nikabaki pale mpaka Gakuru alipokuja amebebwa na lori la mchanga, akatoa sanduku la Opiyo, akarudisha pointi, akapima na paketi yake ya sigara, gari likawaka. Alitabasamu tu, na hilo tabasamu bado liko hapa kifuani. Opiyo naye nilipomrudia alisema, "Hiyo ni original, boss. Shida iko kwa gari yako."

Jioni hiyo nikiwa kwa gari Nthenya alikuja dirishani na ujumbe wa mama yake, akautoa kama alivyopewa.

"Amesema, mwambie baba Mwende asisumbuke na hiyo gari tena. Jumamosi narudi kwangu."

Nikamuuliza Nthenya, na mguu? Akasema nimuulize Pijo, kwa sababu ndiyo niliyooa. Akaongeza kwamba yeye na Mwende wanamsindikiza, na hakusema wanarudi lini. Mimi naelewa vizuri kilichotokea. Mama ameona ana mkwe mwenye gari la aibu. Na mimi huyo mama sitaki aende. Mwaka ule kiwanda kilipotuachisha kazi, ni mahindi na maharagwe yake kutoka Illasit ndiyo yalitulisha, gunia baada ya gunia, wala hakuuliza shida yetu itaisha lini, na mpaka leo sijamwambia asante, kwa sababu ningemwambiaje, na nthoni iko.

Kwa hiyo nauliza kwa ufupi, na jibu nalitaka kabla ya Jumamosi, ndiyo maana barua hii nimemwachia mlinzi wa lango lenu mwenyewe badala ya kuiamini posta: nibaki na pointi, au ninunue elektroniki nyingine, ya mtu mwingine asiye Opiyo? Tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu mama naye anakusikiliza. Redio ya nyumbani inakaa dirishani, na jioni nakusikia ukitoka kwa dirisha na kwa dashibodi kwa wakati mmoja.

Ni mimi msikilizaji wako mwaminifu, Mwenye Pijo, Noonkopir.

Kavutha, mshauri wa redio, anajibu hewani:

Mwenye Pijo, umeomba nisikucheke. Nimecheka, nimefuta machozi, sasa tuendelee.

Umeomba pia nisitaje jina lako, nami sitalitaja. Umetutajia mke, mtoto, mtaa, kazi, gari, kidonda cha mama mkwe na kijiji alikotoka, umebakisha tu namba ya kitambulisho, lakini jina lako liko salama kwangu.

Nianze na gari, kwa sababu ndilo uliloliuliza na ndilo jepesi. Pengine hujui, lakini kabla sijaletewa vilio vyenu redioni nilisimama kaunta ya duka la spea Kajiado mjini, duka la marehemu mume wangu, na nimeuza pointi nyingi kuliko ushauri. Wateja wa pointi walikuwa na shukrani zaidi. Kwa hiyo nisikilize, na usiniletee Wafaransa.

Injini ikiwa imezimwa na swichi iko wazi, umeme wa betri unaingia kwenye koili. Gari likiwa safarini, pointi zinagusana na kuachana, umeme unapata mapumziko. Gari likiwa limesimama, zile pointi mara nyingi zinakuwa zimebanana, na umeme unapita tu, dakika baada ya dakika, kama jiko lililoachwa linawaka chini ya sufuria isiyo na maji. Koili inachemka, inavimba, inatoa lami. Pointi zinaungua zinakuwa za buluu. Betri inalala, na asubuhi watu wa watu wanatoka na miswaki. Ukitoa pointi ukaweka kile kijisanduku cheusi, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu pointi ni chuma, zinavumilia kuteswa, lakini sanduku la elektroniki likikaa kwenye umeme namna hiyo na injini haizunguki, linapikwa. Likishapikwa haliugui kwanza. Linakufa siku linapotaka, na lako lilitaka njia panda ya Athi River.

Sasa wewe, karani, mtu wa kuhesabu mali ya watu stoo, hebu tuambie ni nani anayekaa kwenye hilo gari kila jioni na ufunguo umefunguliwa, taa mbili nyekundu zinawaka, eti zinampa raha? Zile taa hazikuwekwa zikupe raha. Zimewekwa kukuambia kuna kitu unachoma. Pointi zako hazikuungulia barabarani, na elektroniki yako haikuchoshwa na vilima vya Isinya. Viliungulia hapo plot, gari limesimama, nawe umeketi juu yake unasikiliza wanawake wakilia kuhusu waume wasiokaa nyumbani.

Gakuru usimseme. Au mseme, lakini si kwa paketi ya sigara, maana barabarani paketi ya sigara imefikisha watu wengi nyumbani. Mseme kwa sababu ameona pointi za buluu na koili iliyovimba mara zote hizo na hajawahi kukuuliza, mzee, hili gari unalifanyia nini likiwa limesimama. Amekuwa akikuvuna kama sukuma wiki, anachuma, anangoja imee tena. Opiyo naye na kalenda zake alikuuzia kitu kisichotaka kuachwa na swichi wazi, na hakukuambia hilo neno moja kwa lugha yoyote kati ya zile anazozijua. Mmekutana watatu mkatoshana.

Jibu lako ni hili. Zote mbili ni nzuri kwa mtu anayezima gari. Elektroniki inawaka vizuri zaidi na haikusumbui, ila ikifa njiani hakuna wa kuifufua kati ya Isinya na mbinguni. Pointi zinataka kuangaliwa mara kwa mara, ila zinakuonya kabla ya kukuacha, na kila kituo cha njia ya Namanga kina mtu wa kuzisugua. Kwa Jumanne hii baki na pointi. Nunua kondensa mpya na koili mpya, na umwambie Gakuru apime kwa kipimo cha chuma, kama hana anunue kwa pesa ulizomlisha. Baadaye ukitaka elektroniki, funga, lakini zile pointi na kondensa uziweke kwenye buti na bisibisi, zikae hapo kama akiba. Na huo waya wa redio utolewe kwenye koili kesho, uvutwe kutoka betri, uwekewe fyuzi yake. Hapo habari ya gari imekwisha, na ungeweza kuimaliza mwenyewe kama ungekuwa na akili ya kujiuliza kwa nini kila kitu unachokigusa kinaungua.

Halafu hicho kioo. Unaendesha gari barabara ya malori, umebeba mgonjwa na mke, na kioo kinaangalia dari. Hiyo si heshima. Siku lori litakapokuja nyuma yako ukose kuliona, utamweleza nani kwamba ulikuwa unamheshimu mtu? Kigeuze.

Sasa tuje kwa kile ambacho hukuuliza.

Unasema mimi ni mtu wenu na sihitaji kuelezwa nthoni. Kweli, sihitaji. Nimelelewa ndani yake, na nimemuona nyanya yangu akiingia kichakani na mtungi kichwani kumpisha mkwe wake. Lakini nimeona na mengine ambayo wewe umeyaruka. Zamani boma lilikuwa pana. Mama mkwe alikuwa na nyumba yake, moto wake, na wajukuu wa kumzunguka, na mkwe akikaa mbali hakuna aliyekosa mahali pa kukaa. Ile heshima ilikuwa inampa mama nafasi. Wewe umeichukua ukaileta kwenye vyumba viwili vya kukodi Noonkopir, ukamfanya mama wa watu akae ndani ya nyumba akijua kwamba kila jioni mwenye nyumba yuko nje anakula ndani ya gari kwa sababu yake. Yeye haoni heshima pale dirishani. Anaona mtu aliyefukuzwa kwake, na aliyemfukuza ni yeye na kidonda chake.

Eti anaenda kwa sababu ya gari la aibu. Mwanamume, huyo mama aliweka mguu mbovu chini akasukuma gari lako kwenye lami. Mtu anayedharau gari halisukumi. Alipokuambia usisumbuke na hiyo gari tena, alikuwa anakuambia urudi ndani ya nyumba yako, yeye anakuachia. Anakubali mguu ukatwe kuliko wewe uendelee kula nje. Nawe ukamsikia, ukatoa karatasi, ukauliza pointi au elektroniki.

Nimekasirika, nakubali. Nimesoma barua za walevi na za wezi wa mabibi za watu, na sijakasirika hivi, kwa sababu wale wanajua wanachofanya. Wewe unaharibu kwa nia njema, na unataka ushukuriwe.

Na wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kuna siku mvua itanyesha na nyumba itakuwa moja, kuna siku mama ataugua na mkwe ndiye atakayembeba. Kwetu mkwe aliyetaka masharti yalegezwe alipeleka blanketi, wengine wakaongeza mbuzi, mama akapokea mbele ya watu, na tangu hapo wakakaa nyumba moja wakala, na heshima haikupungua hata punje. Huo mlango upo tangu zamani. Wewe umejua ukuta tu, mlango hukuuliza, kwa sababu ukuta una kiti kizuri na redio.

Kesho ukitoka kazini pitia mjini ununue blanketi, lile zito, mama wa Illasit amezoea baridi ya mlima lakini mgonjwa ni mgonjwa. Muite mzee mmoja wa kanisani kwenu anayejua mambo hayo, Nthenya apike, umpe mama blanketi. Mbuzi atafuata mguu ukipona. Jumamosi hakuna mtu anaenda Illasit. Jumanne mnatoka mapema, kioo mahali pake, mnafika kliniki kabla haijafunguliwa.

Nimebakiza jambo moja. Umeniandikia kwamba mama ananisikiliza, kwa dirisha, jioni hii kama zote. Ulijua barua ikisomwa ataisikia, na kwa zile alama ulizoacha ataijua kabla sijafika katikati. Mtu anayetaka kujificha haandikii redio. Nilipoiweka chini nikajiuliza ni kwa nini, kisha nikakumbuka umesema mwenyewe kwamba kwetu neno la mkwe kwenda kwa mama linapitia kwa mtu wa tatu. Nthenya amechoka kubeba. Umenitafuta mimi. Haya, nimekubali kutumwa, mara hii moja.

Mama, shikamoo. Jina lako silijui, na huyu hawezi kulitaja. Amenituma kwako. Anasema yale mahindi na maharagwe ya mwaka ule hajayasahau, hata gunia moja, na kwamba amekaa na asante yako mdomoni muda wote huu hajui aitoe vipi. Anasema usirudi Illasit na kidonda kikiwa wazi. Hili la pili alilificha katikati ya pointi na kondensa, lakini nimeuza spea na nimesoma barua, na ndilo alilosema. Hajakuchoka, mama. Anakuogopa, na uoga wake ameuita heshima. Msamehe, hata waliosoma zaidi yake wanachanganya hayo.

Sasa wewe. Najua uko wapi. Uko kwenye kile kiti kinachoshika mgongo, swichi iko wazi, taa mbili nyekundu zinawaka, na tangu nilipoanza kusema kila neno langu limekuwa linachoma pointi ambazo Gakuru alikurudishia juzi. Toa ufunguo. Usiogope kwamba utakosa mwisho. Ukizima utanisikia bado, pale dirishani, naongea. Fuata hiyo sauti, mlango uko kando yake.

Mama, huyo anayebisha hodi ni mtoto wako. Mwambie karibu.